Benchi la Mtandao la Koboko

Habari za msiba zilinikuta Arua, huku kwetu West Nile ya Uganda, nikiwa katika kikao cha watu wenye tai. Walikuwa wanabishana, kama wanavyobishana kila tunapoitwa, kama miji iwape wananchi waifai ya bure sokoni na stendi, au kazi hiyo waachiwe wafanyabiashara. Bwana mmoja alikuwa amesimama akisema kitu cha bure watu hawakiheshimu. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono, maana mtu akisema neno hilo mbele yangu siwezi kunyamaza, hata mume wangu amechoka kunikanya. Ndipo simu ikatetemeka, nikaona jina la binti wa Hajati Zubeda wa Koboko, nikajua kabla ya kusoma. Hajati alikuwa mgonjwa tangu mvua zilipoanza. Nikashusha mkono, nikakusanya vitu vyangu na kutoka bila kumjibu yule bwana. Nimeona nimjibu hapa.

Habari za baba na mama, na za shamba la muhogo kule Manibe nilikolelewa, nitaziacha. Wanaonijua wanazijua, na wasionijua hawatapungukiwa kitu. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa Koboko nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha kompyuta na shingo ndefu ya kukionyesha. Watu wa mradi fulani walikuwa wamekuja na gari jeupe, wakafunga ungo wa setilaiti juu ya paa la ukumbi wa soko, wakaweka paneli za sola na kisanduku cha kurusha waifai, wakatangaza kwamba kila aliye sokoni atatumia bila kulipa kwa mwaka mmoja. Baada ya mwaka mji ujitegemee. Walitaka mtu wa kukilinda kisanduku, kukipangusa vumbi na kuwaonyesha watu jinsi ya kuunganisha simu zao. Nikachaguliwa mimi. Nilishuka Koboko na begi, godoro lililokunjwa, na majivuno ambayo peke yake yangetosha kujaza bodaboda ya pili.

Aliyenipa chumba ni Hajati Zubeda, mjane wa Kikakwa, muuza simsim, na mwenyekiti wa kamati ya kisima cha pampu kilicho nyuma ya soko. Chumba chenyewe kilikuwa ubavuni mwa jiko lake, na ukuta uliotutenga haukufika juu, hivyo nilipata moshi, harufu na maneno yote ya jikoni bila kuyaomba. Asubuhi niliamshwa na kinu. Simsim ikitwangwa hutoa harufu inayoweza kumtoa mgonjwa kitandani, na mimi sikuwa mgonjwa. Tulikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na angara, vile visamaki vidogo vya kukaushwa, vilivyochemshwa na simsim mpaka mchuzi ukawa mzito. Tulikula watatu, kwa sababu Mama Espe naye alikuwa hapo karibu kila siku. Huyu alikuwa Mkongo wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Alikuwa amepanga chumba chake mwenyewe mtaa wa pili lakini sufuria yake ilikuwa kavu daima. Binti yake, Neema, alikuwa Bunia akisomea uuguzi, na kabla ya ule ungo alikuwa hajamwona uso kwa muda mrefu kiasi kwamba alikuwa akituuliza, kwa utani ambao haukuwa utani, kama binti bado ana pua.

Sasa lazima nieleze kile kisima, maana bila kisima hakuna hadithi. Kila mwenye kutaka maji alileta jerikeni yake, akaiweka kwenye mstari, akaenda zake kuuza nyanya au kunyonyesha. Jerikeni ndiyo iliyosimama foleni badala yake. Hakuna aliyethubutu kuiruka jerikeni ya mwenzake. Msafiri alikunywa kwanza, na hakuulizwa anatoka Kongo, Sudani au wapi. Na mtu wa nyumba yenye msiba hakupanga foleni kabisa: jerikeni yake ilibebwa na yeyote aliye karibu, ikapelekwa mbele, na waliokuwa mbele wakarudi nyuma bila kunung'unika. Saa za mchana, Hajati alikuwa anakifunga kisima kwa mnyororo ili kipumzike na maji yajikusanye. Hayo yote yalikuwa yanaendeshwa bila askari wala tangazo la ukutani.

Asubuhi ya kwanza ya kufungua mtandao nilifika ukumbini na fulana niliyopewa na mradi, nikakuta mstari wa jerikeni za njano, tupu, kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza za wauza samaki. Nyuma ya mstari walikuwa wamesimama wanawake na simu zao mikononi, wametulia kama watu waliokwisha kufanya kinachotakiwa. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Hajati, jerikeni hizi ni za nini?"

"Iko laini," alisema. "Mutu nakuja, naweka jerikeni yake, nangoja. Kwenu Arua watu nachota aje?"

"Mtandao hauchotwi, mama. Wote wanaweza kutumia kwa pamoja."

"Yote? Soko mzima?"

"Soko zima."

Akanitazama, akatazama kisanduku changu kilichotoshana na kitabu cha sala, akaguna. "Haya. Toa jerikeni."

Zikatolewa. Soko zima likaingia mtandaoni kwa mara moja, na soko zima likaona kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu bila kufika popote. Ungo ulikuwa mdogo. Mradi ulikuwa umenunua wa bei ya huruma. Mama Espe alimpigia binti yake akapata nusu ya paji la uso, ikaganda hapo. "Sasa hii ni mtoto wangu ao ni ukuta?" aliuliza, na watu wakacheka, ingawa yeye machozi yalikuwa karibu. Nilizima kisanduku na kukiwasha, nikapanda kwenye paa, nikashuka, nikapanda tena. Jua la adhuhuri lilinikuta nimeloa jasho na fulana yangu ya mradi imegeuka rangi.

Kesho yake jerikeni zilikuwa zimerudi, na safari hii zilianzia kwenye benchi refu la mbao lililokuwa ndani ya ukumbi. Hakuna aliyenieleza kitu. Waliokaa kwenye benchi walikuwa na simu zilizowashwa waifai. Waliobaki wamezima, wanangoja. Mmoja akiinuka, jerikeni ya mbele inasogea, mwenyewe anaitwa kutoka kwenye meza yake, anakaa. Mtandao ulipita laini kama mafuta ya simsim. Msidhani walikuwa wameupigia hesabu, wala. Wao waliamini kabisa kwamba mtandao ni kitu kinachoisha, kwamba mle kwenye kisanduku kuna kiasi fulani na wakiuvuta wengi utakauka mapema. Walikosea, na kosa lao likaangukia pale pale penye haki, kwa sababu ungo wetu ulibeba watu wa benchi moja na si zaidi. Lakini walipotaka kuufunga mchana ili ujikusanye upya, hapo nilikataa. Tulibishana na Hajati wiki nzima juu ya sahani za ugali. Mwishowe alikubali uachwe wazi, isipokuwa wakati anaposali, kwa kuwa hakutaka kusikia sauti za muziki wa Kongo katikati ya rakaa. Hapo niliona nimeshinda vya kutosha.

Nikifumba macho leo naliona lile benchi kuliko ninavyoiona sebule yangu. Wakulima wa mpakani walikaa hapo kuulizia bei ya maharage Arua kabla ya kupakia baiskeli. Wanafunzi walifungua mitihani ya zamani. Mzee mmoja aliyekuwa jeshini zamani alikuwa anatazama mechi, akifoka kwa Kiswahili cha kambini kana kwamba wachezaji wanamsikia. Na siku moja aliingia dereva wa lori, hana jerikeni, simu mkononi. Mama yake alikuwa amefariki huko kwao Ajia, na kaka yake alitaka kumwonyesha uso wake kabla jeneza halijafungwa. Hajati hakumruhusu amalize kusema. "Kaa," alimwambia, kisha akageukia benchi: "Nyinyi yote, zima." Wakazima. Sio mmoja wala wawili. Benchi zima lilizima simu, likalaza vioo kwenye mapaja, ili picha ya yule mama isikatike. Dereva alilia mbele yetu na hakuna aliyemtazama usoni. Nilikuwa nimesoma darasani namna ya kugawa mtandao, na hilo halikuwemo. Siku ile ndipo nilipoipenda kazi yangu.

Mwaka ulipokaribia kuisha akaja Bwana Silvano. Alikuwa mfanyabiashara wa Arua, mwenye maduka ya simu, na nisimsingizie ubaya: alikuwa mtu mwungwana, anasalimia kila mtu kwa jina na anakula chochote anachowekewa. Alikuwa ameliomba baraza la mji limwachie ungo. Angeweka mkubwa zaidi, angeweka nywila, na kila mtu angenunua vocha. Alikuja mpaka kwenye chumba changu, akakaa juu ya kindoo changu kilichopinduliwa, akaniahidi kazi Arua, ofisi yenye kiyoyozi, na mshahara ambao mradi haukuwahi kuuota. Hakuomba kitu kibaya. Aliomba tu kwamba barazani nikiulizwa, niseme ukweli wa kitaalamu: kwamba watu wa soko hawawezi kuendesha mtambo huu peke yao. Na mimi, kwa siku kadhaa, sikujua kama huo ulikuwa ukweli au la. Niliitaka ile kazi. Nilikuwa nimeanza hata kuwaza viatu nitakavyovaa.

Usiku mmoja wa siku hizo, tukiwa tumekwisha kula, niliwasikia Hajati na Mama Espe jikoni wakinywa chai.

"Atatuacha," Mama Espe alisema. "Silvano amesha mupa kazi. Benye soko banasema."

"Mwache aende. Mutu hapana fungwa kama mbuzi."

"Na mutandao?"

"Mtandao iko ya Koboko. Iko ya huyo mtoto?"

Kijiko kikagonga kikombe. Kisha Mama Espe akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Miye, wakifunga, sitamuona tena Neema. Hiyo vocha yao itakula vitenge vyangu vyote. Na banasema Bakongo hata kununua hapana, mpaka kitambulisho ya hapa."

"Wewe kunywa chai," Hajati alimwambia. "Chai napoa."

Nililala na maneno yale. Hajati hakunisema vibaya mahali popote, na hilo ndilo lililoniuma.

Baraza lilifanyika ndani ya ukumbi wenyewe, wanasoko wamejaa mpaka madirishani. Bwana Silvano alikuwa ameleta kreti za soda, kila mtu akapewa chupa. Akasimama akasema vizuri sana. Alisema rahisi huvunja upishi, yaani kitu cha bei ya chini huharibu kazi. Alisema kitu cha wote hakina mwenyewe. Akatutajia pampu ya upande wa barabara ya Oraba, iliyotolewa bure, leo imeota kutu na mbuzi wanajikunia. Hilo lilikuwa kweli, tulikuwa tunapita hapo. "Nani atalipia setilaiti?" aliuliza. "Nani atatengeneza paneli ikipasuka?" Mimi nilimwangalia diwani aliyekuwa anaongoza kikao, nikaona kichwa chake kimeanza kukubali.

Hajati Zubeda akainuka na chupa yake mkononi, haijafunguliwa.

"Silvano, mtoto yangu, asante kwa soda," alisema. "Soda iko tamu. Lakini kama leo soda hakuna, mimi nalala vizuri. Maji kama hakuna, mimi nalala? Hii kitu, mwaka jana mimi nasema iko soda. Kitu ya kuchezea. Sasa mimi naona dereva nalia hapa. Mimi naona wakulima najua bei mbele ya kwenda. Hii iko maji. Na ile pampu ya Oraba nakufa kwa sababu iko bure? Hapana. Nakufa kwa sababu kamati hakuna. Pampu yangu iko bure, nyinyi nakunywa kila siku."

"Sawa, Hajati," diwani alisema. "Lakini pesa?"

"Sisi nalipa ushuru ya soko. Ndani ya ushuru iko ya kampuni ya kufagia. Iko namna gani? Yao nafagia vizuri?" Watu walicheka, maana takataka zilikuwa chini ya miguu yetu. "Basi acha kampuni. Hiyo pesa peleka kwa ungo. Soko tutafagia sisi. Kila Jumamosi, kila mutu na fagio yake."

Ukumbi ulichangamka, lakini diwani akainua mkono. Alikuwa na swali na alilisema wazi: "Wenye ushuru wa hapa, sawa. Je, wageni? Mkongo analetewa mtandao na ushuru wa nani?" Macho yakageuka kwa Mama Espe. Alikuwa amesimama nyuma na kitenge cha bluu, mrefu kuliko wote, hana pa kujificha.

"Miye niko Mukongo, minajua," alisema. "Ushuru ya meza minalipa kama wengine, lakini sawa, tuache. Muniachie upande ya choo. Kule hakuna mutu atapenda kufagia. Miye nitafagia kule."

Sijasikia tena hotuba kama ile, na nimekaa katika kumbi zenye vipaza sauti. Mzee wa jeshini alianza kupiga meza, kisha wauza samaki, kisha ukumbi wote. Diwani alingoja watulie, akaniita mimi. "Mtaalamu, unasemaje? Wanaweza?"

Bwana Silvano alinitazama kwa wema, kama mtu ambaye tumekwisha kuelewana. Nami nikajua jibu nilikuwa nalo tangu siku ya pili, nilikuwa tu sijaulizwa. Nikasema, "Kwa ungo huu na benchi hili, wanaweza. Mwaka mzima wameendesha wao, mimi nimepangusa vumbi tu." Halafu nikaongeza kwamba Jumamosi nitakuja na fagio langu.

Baraza likatoa mwaka wa majaribio. Jumamosi ile ya kwanza tuliinama sote, kwa yale mafagio mafupi ya majani yasiyompa mtu nafasi ya kusimama wima na kujiona bwana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tuliinama mpaka viuno vikalia. Mama Espe alianzia chooni kama alivyosema. Hakufagia peke yake hata dakika, kwa sababu Hajati alikuwa amemtangulia huko. Bwana Silvano, kwa heshima yake, alipita siku moja, akatazama, akasema hajawahi kuona soko safi hivi West Nile nzima, akanunua simsim na kwenda zake. Kazi ya kiyoyozi alimpa mtu mwingine. Mimi nilibaki mpaka nilipompata wa kumwachia funguo, na niliporudi Arua nilikuwa najua kazi ambayo cheti changu hakikuwa kimeitaja. Yote niliyofanya baadaye, minara na mikutano na safari, yameanzia pale.

Siku ya ile simu nilifika Koboko wakati wanaume wanatoka makaburini. Nikakaa mkekani na wanawake, nikala ugali na angara ya msiba, nikalia nilipokishika kile kinu kilichokuwa kinaniamsha. Mama Espe hakuweza kuja. Miguu imemkatalia, yuko Ariwara kwa Neema, ambaye sasa ni muuguzi na ana watoto. Alikuwa ametuma ujumbe akiomba jambo moja: nimpigie, anione, nimwonyeshe kwetu pale sokoni. Na mimi mtaalamu wa mitandao, bando lilikuwa limeniishia njiani kwa kupeleka habari za msiba kila upande.

Nikaenda sokoni. Ungo sasa ni mkubwa, umelipiwa na ushuru wa soko. Soko zima lingeweza kuingia kwa mara moja na kiduara kisizunguke. Foleni haina kazi tena. Lakini jerikeni zilikuwa pale, za njano, tupu, kwenye mstari, na benchi pale pale. Sikuwa na jerikeni. Nikavua kiatu kimoja, nikakiweka mwisho wa mstari, nikasimama kwa mguu mmoja.

Mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni akanijia. Hakunijua, nami sikumjua.

"Kiatu iko ya nani?"

"Yangu, mama."

Akatazama macho yangu yaliyovimba, na majivu ya jiko la msiba kwenye sketi yangu. "Wewe natoka kwa Hajati?"

Nikaitika kwa kichwa. Akakiokota kiatu changu kwa mkono wake, akapita nacho mbele ya jerikeni zote, akakiweka kwenye mguu wa benchi. "Kaa," alisema. Na waliokuwa kwenye benchi, vijana ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa au walikuwa mgongoni mwa mama zao mwaka ule, wakazima simu zao mmoja baada ya mwingine na kuzilaza mapajani.

Uso wa Mama Espe ukaja wote, pua na yote. Akaanza yeye.

"Banafagia?" aliuliza.

Nikageuza simu, nikamwonyesha sakafu iliyofagiwa.